Mathe Akilazwa, Siku za Kumuuguza Utazitoa Wapi?

Hebu nikuulize swali moja kabla hujafungua kitu kingine kwenye simu. Saa kumi na moja alfajiri, jirani ya mamako anakupigia: "Kuja haraka, mama ameanguka." Kazini unatakiwa saa mbili. Utafanya nini?

Mimi nitakuambia nilichofanya, kisha nikuambie nilichopaswa kufanya. Katikati ya hayo mawili kuna kazi niliyoipoteza na pesa ambazo sijawahi kuziona hadi leo.

Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Nikapata job kwenye duka moja Westlands, kazi ya kupanga bidhaa na mara moja moja kukaa kaunta. Keja yangu ilikuwa Kawangware. Mathe alikuwa Kangemi, na bado yuko huko. Ilikuwa Jumanne. Nilimkuta ameketi sakafuni, mdomo mzito, presha imepanda hadi haoni vizuri. Na bado alipata nguvu ya kuniambia, "Mwanangu, wewe nenda kazini. Mimi nitapoa."

Sikwenda. Tulimkimbiza hospitali moja ya umma, akalazwa. Kama umewahi kuwa na mgonjwa kwenye wodi ya umma unajua kazi inayokuja na kitanda hicho. Dawa fulani haipo, katafute nje. Damu imetolewa, ipeleke maabara. Shuka, uji, kulipa dirisha la tatu, kurudi dirisha la kwanza kupigwa muhuri. Mgonjwa asiye na mtu wa kumkimbilia hupata shida. Mtu huyo nilikuwa mimi, maana kwetu hakuna mwingine.

Nilimtumia msimamizi wangu ujumbe wa WhatsApp: "Habari ya asubuhi madam. Leo sitafika, mama amelazwa." Zikatokea zile alama mbili za buluu. Jibu halikuja. Mimi nikachukulia kimya ni ruhusa. Jumatano nikaandika tena, Alhamisi nikaandika tena, Ijumaa nikachoka kuandika.

Jumamosi nikarudi. Nikaitwa stoo. "Kijana, umekosa kazi siku nne. Hiyo tunaita kutoroka kazi." Kulikuwa na karatasi iliyochapishwa tayari, jina langu juu, ikisema nimeacha kazi kwa hiari yangu. Niliambiwa nisipotia sahihi, hata zile siku nilizofanya mwezi huo sitalipwa. Nikatia sahihi. Nilikuwa nafikiria bili ya hospitali.

Nilikuwa nimefanya kazi pale miezi minane. Shika hiyo nambari, nane. Tutairudia.

Sheria ninayo kwenye simu

Baada ya hapo nilisota. Siku moja nikiwa mjini, nimeketi kwenye benchi pale Jeevanjee Gardens kama watu wengine wengi wanaosubiri simu ambayo haipigwi, nikaamua kuisoma sheria yenyewe. Mimi si wakili, na nimeshakuambia hata chuo sikumaliza. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo ilianza kutumika Juni 2008, iko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law. Hulipi kitu isipokuwa bando. Mambo ya likizo yamewekwa pamoja, kifungu cha 28 hadi cha 30. Ni kurasa chache sana. Unaweza kuzimaliza kwenye mathree kutoka Kencom hadi Kawangware, na kama kuna jam pale Hurlingham utazisoma mara mbili.

Nilichokiona ni hiki: sheria yetu inaujua mwili wako. Inajua utachoka, utaugua, utazaa. Lakini haijui kwamba wewe ni mtoto wa mtu. Tuanze na inachokijua.

Wewe mwenyewe ukiugua

Ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo kwa mwajiri mmoja, kifungu cha 30 kinakupa siku zisizopungua saba za kuugua kwa mshahara kamili, kisha siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Tuseme unalipwa 30,000 kwa mwezi, yaani kama 1,000 kwa siku. Wiki ya kwanza kitandani hupotezi chochote. Wiki ya pili unapoteza 500 kila siku, jumla 3,500. Ni kidogo, lakini ni zako na si msaada wa bosi.

Kuna wengine sheria inawapa zaidi. Ile Amri ya Jumla ya Mishahara ya 1982, inayowagusa watu kama wasafishaji, watunza bustani, yaya na wafanyakazi wengine wa nyumbani, inataja hadi siku 30 za mshahara kamili na 15 za nusu. Kwa hivyo mtu akikuambia "hapa kuugua ni siku saba tu", muulize kwanza kazi yako iko chini ya amri gani.

Masharti ni mawili na yote ni ya maana. La kwanza, uwe na karatasi ya daktari. Si lazima iwe hospitali kubwa yenye lifti. Sheria inakubali pia anayesimamia zahanati kwa niaba ya daktari. La pili, umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na ueleze sababu. Hapa kuna neno watu hulikosa: sheria inasema ujulishe au umtume mtu ajulishe. Ukiwa umelala na dripu mkononi, mwenzako wa keja anaweza kukupigia simu hiyo.

Mtoto akizaliwa

Mama anayefanya kazi ana miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili. Anatakiwa kuandika notisi ya siku saba au zaidi, na akiombwa, atoe cheti cha daktari. Akimaliza, anarudi kwenye kazi yake ileile, au nyingine inayomfaa na isiyo na masharti mabaya kuliko ya kwanza. Na zile siku zake 21 za likizo ya mwaka hazikatwi. Waulize mama zetu kuhusu hilo la mwisho. Chini ya sheria ya zamani, ya 1976, uzazi ulikuwa miezi miwili, na ukiichukua unapoteza likizo yako ya mwaka huo mzima. Yaani kuzaa ndiko kulikuwa kupumzika kwako. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kulibadilisha hilo.

Baba ana wiki mbili kwa mshahara kamili. Hili nimelisema kwa kinyozi Kawangware na watu wanne wakacheka, wakidhani natunga. Sitatunga. Kifungu cha 29 kinasema mfanyakazi wa kiume ana haki ya wiki mbili. Kifungu chenyewe hakitaji cheti cha ndoa. Kwa hivyo kama beshte yako amepata mtoto juzi na bado anapanda mathree ya saa kumi na mbili kila asubuhi macho mekundu, mtumie makala haya.

Tangu 2021 kuna jingine jipya: anayekabidhiwa mtoto ili amwasili ana mwezi mmoja kwa mshahara kamili, kuanzia siku mtoto anapowekwa mikononi mwake. Na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na ampe mama muda wa kufanya hivyo, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Muda huo unahesabiwa kama kazi. Fikiria ni mama wangapi mjini wanakamua maziwa chooni.

Sasa, karatasi ni nzuri, mtaa ni mwingine. Dada mmoja jirani yangu alikuwa akifanya kazi kwenye duka kubwa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Ilihuishwa mara tano bila neno. Tumbo lilipoanza kuonekana, wa sita haukuhuishwa. Hakuna aliyemtamkia neno "mimba". Aliambiwa tu kwamba "biashara imekuwa chini".

Ujue hivi: kifungu cha 46 kinasema mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, wala kwenda likizo uliyostahili si sababu. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya mimba, na ukilalamika, mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba hakubagua. Na si maneno ya vitabuni tu. Mwaka 2013, katika kesi ya G M V dhidi ya Bank of Africa Kenya, Jaji James Rika alikubaliana na mwanamke aliyesema kwamba mimba ndiyo iliyomtoa kazini. Kesi hiyo bado inatajwa mahakamani.

Niwe mkweli pia kwa upande wa pili. Kwetu Kenya, ile miezi mitatu ya mshahara inatoka mfukoni mwa mwajiri peke yake. Benki haitaisikia. Lakini mwenye saluni ya watu watatu pale Kangemi ataisikia sana, kwa sababu atalipa aliyeko nyumbani na atalipa aliyeshika nafasi yake. Hiyo haimpi ruhusa ya kumfukuza mtu. Inaeleza tu kwa nini baadhi yao hutafuta njia ya kukwepa, na kwa nini mzigo huo ungefaa kubebwa na mfuko wa wote.

Na mzazi je?

Haya, sasa turudi kwa mathe wangu pale wodini.

Nilisoma vifungu vyote vya likizo nikitafuta neno moja: mzazi mgonjwa. Halipo. Nikatafuta mtoto mgonjwa. Halipo. Nikatafuta matanga, maana siku hiyo pia huja. Sheria ya Ajira haina siku hata moja iliyotengewa kuuguza au kuzika mtu wako. Kampuni kubwa nyingi huweka siku chache kwenye sera zao, na vyama vya wafanyakazi huzipigania kwenye mikataba ya pamoja. Lakini kama kwenu hakuna sera wala chama, basi huna.

Kitu cha karibu zaidi nilichokipata kiko kwenye ileile amri ya mishahara ya 1982. Inasema mfanyakazi aliye na dharura ya namna hiyo, akikubaliana mapema na mwajiri, apewe siku kutoka kwenye likizo ambayo tayari ameichuma, kisha zikatwe kwenye likizo yake ya mwaka. Juu ya hizo anaweza kupewa siku tano bila malipo. Yaani ukienda kumuuguza mamako, unatumia siku zako za kupumzika. Ukirudi umechoka kuliko ulivyoondoka, na mwaka mzima ulio mbele yako hauna likizo.

Nimejaribu kuelewa kwa nini. Nadhani sheria iliandikwa kama kwamba kila nyumba ina mtu wa kubaki: shangazi, dada asiye na kazi, nyanya mwenye nguvu. Mgonjwa ataangaliwa na "watu wa nyumbani", na mfanyakazi ataendelea kufanya kazi. Mara nyingi watu hao wa nyumbani walikuwa wanawake ambao hakuna aliyewahesabia siku wala mshahara. Lakini angalia keja za Kawangware, Kangemi na Uthiru. Chumba kimoja, mtu mmoja, kufuli mlangoni kuanzia asubuhi hadi usiku. Hakuna wa kubaki. Anayetakiwa kulipa bili ya hospitali ndiye huyohuyo anayetakiwa kukaa kando ya kitanda, na hawezi kuwa pande zote mbili za Waiyaki Way kwa wakati mmoja.

Na usidhani haiwezekani kuandika tofauti. Vuka hapo Namanga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne za malipo mtoto wake akiugua au akifa, au akifiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Siku nne. Ndizo hasa nilizokosa kazi mimi, ingawa hata wao kwa mzazi wamengoja hadi afe ndipo wakupe ruhusa. Lakini baba wa Tanzania ana siku tatu tu za uzazi, na wetu ana wiki mbili, kwa hivyo tusitambiane.

Marekani wao wamekuja kwa mlango mwingine. Sheria yao ya likizo ya familia na matibabu, iliyotiwa sahihi na Rais Bill Clinton mwaka 1993, inampa mfanyakazi hadi wiki 12 kwa mwaka, na ndani yake wametaja waziwazi kumuuguza mzazi, mtoto au mwenzi aliye mgonjwa sana. Ukirudi, kazi yako iko. Shida ni kwamba wiki hizo hazina malipo, na kampuni yenye wafanyakazi chini ya 50 haiguswi. Ndiyo maana majimbo yakaanza kujiongezea yao. California ilitangulia: tangu 2004 mtu anayemuuguza mzazi wake anapata sehemu ya mshahara kutoka kwenye mfuko ambao wafanyakazi wenyewe huchangia.

Kwa hivyo wao wamemkumbuka mzazi wakasahau mshahara. Sisi tumekumbuka mshahara tukamsahau mzazi.

"Mimi ni kibarua tu"

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema haya ni ya watu wa ofisini. Ngoja.

Simama asubuhi pale Kawangware inapopakana na Lavington. Utaona akina mama wanavuka kwenda kufua, kupiga deki na kulea watoto wa watu. Utaona vijana wa mjengo wakielekea Kileleshwa. Wengi wanalipwa kwa siku na wanaamini kwamba anayelipwa kwa siku hana haki. Kifungu cha 37 kinasema vingine. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, mkataba wake unageuka wa kulipwa kwa mwezi. Na akiendelea kwa miezi miwili au zaidi, anastahili masharti yaleyale ambayo angepata kama asingeanza kama kibarua. Kumbuka ni miezi miwili hiyohiyo inayofungua mlango wa siku za kuugua.

Mfanyakazi wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Sheria hii haikumruka. Ana hata chama, KUDHEIHA, kinachowashirikisha wafanyakazi wa nyumbani, hoteli, shule na hospitali. Kama wewe ndiye umeajiri msichana wa kukaa na mtoto wako pale Kinoo, basi nawe ni mwajiri, na aya hii ni yako pia. Tusilie na mabosi wa Westlands halafu tukirudi nyumbani tunafanya yaleyale.

Aliyebaki nje kabisa ni yule ambaye karatasi zinasema hajaajiriwa na yeyote: mwenye bodaboda wa kubeba chakula kwa programu ya simu, anayeitwa mshirika wa biashara. Akivunjika mguu Ngong Road hana siku saba wala nusu mshahara. Akiuguliwa na mzazi anazima simu, na akizima simu hakuna kinachoingia.

Siku zako ziko kwenye karatasi

Sasa irudishe ile nambari nane.

Kifungu cha 28 kinasema ukiachishwa kazi kabla mwaka haujaisha, lakini umeshafanya angalau miezi miwili, unadai likizo ya siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliofanya. Miezi minane mara moja na robo tatu ni siku 14. Nilihitaji siku nne kumuuguza mathe. Nilikuwa nimeshachuma 14. Zilikuwepo. Ningeziomba kwa maandishi, pengine wangenipa, kazi ikabaki. Na hata walipoamua niende, walipaswa kunilipa hizo 14, ambazo ni takriban nusu ya mshahara wa mwezi. Mimi nilitoka na sahihi yangu kwenye karatasi yao.

Na ile "kutoroka kazi"? Ni kweli iko. Kifungu cha 44 kinahesabu kukosa kazini bila ruhusa au sababu halali kuwa kosa kubwa. Lakini kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla hajakufukuza hata kwa kosa kubwa, akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, mfanyakazi mwenzako unayemchagua akiwepo, na akusikilize. Stoo, watu wawili na karatasi iliyochapishwa tayari si kusikilizwa.

Kwa hivyo chukua haya, bila kupamba.

Omba mkataba ulioandikwa. Kazi inayofikia miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Mkifika mahakamani naye hana mkataba wa kuonyesha, ni juu yake kukanusha masharti unayodai.

Ukiomba ruhusa, andika. WhatsApp ni bora kuliko kimya, lakini barua pepe au barua iliyopokelewa na kutiwa tarehe ni bora zaidi. Usiandike tu "sitafika". Andika ni siku ngapi, zinatoka wapi na utarudi lini. Na alama za buluu si ruhusa. Mtu asipojibu, piga simu, kisha uandike tena: "Kama tulivyoongea."

Piga picha kila kitu: kadi ya hospitali, karatasi ya daktari, hati ya mshahara, ratiba ya zamu. Jitumie kwenye barua pepe, maana simu za Nairobi hubadilisha wenyewe ghafla.

Usitie sahihi ukiwa na hofu. Sema unaomba nakala ukaisome nyumbani. Mshahara wa siku ulizofanya ni wako, hauuzwi kwa sahihi.

Ukifukuzwa, hesabu tarehe. Una miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba. Wizara ya Leba iko Bishops Road, eneo la Community, kwenye jumba la NSSF. Kwenda mahakama ya ajira, iliyoko Milimani, una miaka mitatu. Mahakama ikiona umeonewa inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Nilipomaliza kusoma pale Jeevanjee, miezi mitatu ya afisa wa leba ilikuwa imepita kitambo. Ile miaka mitatu ya mahakama ilikuwa bado. Lakini nilikuwa na nini mkononi? Simu niliyotuma zile jumbe ilikuwa imeibwa. Mkataba sikuwahi kupewa, na hilo lingekuwa shida yao. Sahihi kwenye barua ya kuacha kazi ilikuwa yangu, na hilo lilikuwa shida yangu. Niliacha. Sikuambii uwe kama mimi, ndiyo maana nimekuandikia.

Mathe alipona. Mkono wa kushoto ni mzito kidogo, lakini amerudi kwenye meza yake ya mboga soko la Kangemi, na hajui kwamba nilifukuzwa wiki ileile. Nilimwambia mkataba uliisha. Akaniambia, "Basi Mungu alijua nitakuhitaji." Sikumjibu.

Kliniki yake ni kila baada ya miezi mitatu. Siku hizi niko na job nyingine, na kwenye simu nimehifadhi barua fupi ambayo hubadilisha tarehe tu. Iazime:

"Kwa Meneja. Naomba ruhusa ya siku moja, tarehe fulani, kumpeleka mama yangu mzazi kliniki. Naomba siku hiyo ikatwe kwenye likizo niliyokwisha kuchuma. Nimeambatisha nakala ya kadi yake. Nitarudi kazini siku inayofuata. Tafadhali nijibu kwa maandishi."

Mwaka huu nimeshaituma mara tatu. Mara zote nimejibiwa. Ni siku tatu ambazo zingekuwa za kwenda ushago au kulala tu hadi saa nne, na bado naona ingefaa sheria iniachie hizo na inipe nyingine za mathe. Hadi hapo, nazihesabu mwenyewe.

Wewe umefanya kazi miezi mingapi hapo ulipo? Zidisha mara moja na robo tatu, toa siku ulizochukua, uandike jibu mahali simu ikipotea bado utalipata.